Picha moja ya Rwenzori kwenye skrini mbili, Windows 11

Swali: Wakuu wa Kampala, nina skrini ya 1920×1080 kushoto na ya 1366×768 kulia. Picha inajirudia kila skrini badala ya kuenea. Nifanyeje?

Jibu: Bofya kulia kwenye eneo-kazi, ingia mipangilio ya picha ya usuli, kisha chagua kutandaza picha kwenye skrini zote. Ila tengeneza picha ya 3286×1080 kwanza, yaani 1920 jumlisha 1366. Ikiwa ndogo, Windows itaivuta na theluji ya kilele cha Margherita itakuwa ukungu mtupu.

Jibu: Naongeza, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye mipangilio ya skrini, buruta vile visanduku viwili vinavyowakilisha skrini zako hadi kingo za chini zilingane. Hapo pikseli 312 za juu upande wa kulia hazitaonekana, kwa hiyo kilele kiwe kushoto. Visanduku vikipishana hadi kile cha kulia kitokeze chini ya cha kushoto, hata kidogo tu, turubai (eneo lote la skrini mbili) linazidi 1080 kwa kimo na vipimo vyote vinaharibika.

Muuliza swali: Vilikuwa vimepishana kweli. Sasa imekaa sawa, asanteni sana.

Jibu: Ukitaka picha tofauti kila skrini, bofya kulia kwenye picha ndani ya mipangilio hiyohiyo, uchague skrini namba 1 au 2.