Ushauri: Baraza linataka kuzuia watu kujenga upya bondeni baada ya dhoruba. Nipige kura gani?

Diwani Mgeni: Wakuu, salaam. Mimi ni diwani wa kipindi cha kwanza kwenye mji mdogo. Wiki sita zilizopita dhoruba ilitupitia usiku. Upepo uling'oa mapaa, mto ukafurika, na nyumba nyingi za bondeni zimebaki misingi tu. Alhamisi baraza linakaa kujadili azimio moja: ni marufuku kujenga makazi ndani ya mita 50 kutoka mtoni. Mhandisi anasema ni lazima. Azimio lenyewe ni nusu ukurasa, na halisemi popote watu watahamia wapi.

Jana nilipita bondeni. Kuna mzee nilimkuta amekaa juu ya tofali, ananyoosha misumari kwa jiwe, mmoja mmoja. Bati zake tisa ameziokota kwa majirani na kuziandika jina lake kwa mkaa. Akaniuliza, "Mwanangu, mkinikataza hapa, mnanipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Hao ndio walionichagua. Naombeni mawazo yenu.

Maji Hayana Undugu: Pole mkuu. Piga ndiyo. Leo wamepoteza nyumba, mwaka kesho utawazika.

Kijiwe cha Jioni: Diwani anaomba ushauri KABLA ya kikao? Haya ni makubwa. Ngoja nivute kiti.

Mpima Ardhi Mstaafu: Mleta mada, aliyetangulia hajakosea kuhusu maji, ila mstari kwenye ramani haumhamishi mtu. Tazama Tacloban, Ufilipino. Kimbunga Haiyan kilipiga tarehe 8 Novemba 2013, bahari ikaingia mjini, na nchi nzima ikapoteza watu zaidi ya 6,000. Serikali ikatangaza mita 40 kutoka ufukweni pasijengwe. Wavuvi walirudi hapohapo na kujenga kwa mabaki, maana mitumbwi yao iko hapo na hawakuwa na pa kwenda. Nyumba za kuhamia zilijengwa kaskazini, mbali na bahari na mbali na riziki, na maji ya bomba yalichelewa sana kufika. Sri Lanka nako, baada ya tsunami ya Desemba 2004, waliweka mita 100 upande mmoja wa nchi na 200 upande mwingine, kisha wakalegeza. Wananchi waliona wavuvi wanazuiwa huku hoteli zikipewa nafasi, ikawa kelele tupu.

Kwa hiyo uliza maswali matatu kikaoni. Hiyo mita 50 imepimwa kwa alama za maji ya usiku ule, au ni namba nzuri tu? Kiwanja mbadala kiko wapi, na kina maji na njia? Na je, katazo linamgusa kila mtu, hata mwenye ghala kubwa kando ya mto? Hilo la tatu watu hulikwepa sana. Majibu yote yaingie kwenye muhtasari.

Maji Hayana Undugu: Sawa, lakini mkisubiri kiwanja kipatikane, mvua nyingine inafika. Hapo utamwambia nini huyo mzee?

Mpima Ardhi Mstaafu: Ndiyo maana suala la ardhi litenganishwe na hifadhi ya muda. Hifadhi ni sasa, tena nje ya bonde. Uamuzi wa ardhi upewe tarehe, maana watu wasipojua tarehe wanaanza kumwaga zege.

Shangazi wa Mtaa wa Pili: Mwanangu diwani, itisheni mkutano hukohuko bondeni kabla ya Alhamisi. Greensburg, mji mdogo wa Kansas, Marekani, ulipigwa na kimbunga cha nchi kavu tarehe 4 Mei 2007, karibu mji wote ukalala chini. Wakazi walikutana kwenye hema kubwa na kubishana mji urudi vipi.

Kijiwe cha Jioni: Shangazi, malizia hadithi. Mwaka 2000 Greensburg ilikuwa na watu 1,574. Sensa ya 2010 ikakuta 777. Majengo yalirudi mazuri, watu nusu hawakurudi.

Shangazi wa Mtaa wa Pili: Kweli. Basi mwulize kila kaya: mtarudi, au mnaondoka? La sivyo mtakuja kujenga mtaa usio na watu.

Diwani Mgeni: Shukrani wakuu. Nimeandika marekebisho: azimio lisianze kutumika mpaka kiwanja chenye maji kionyeshwe, kwa tarehe, na familia za bondeni zipewe hifadhi ya muda wiki hii. Nimemwonyesha mkurugenzi. Kajibu neno moja: "Tutaona." Nimepata madiwani wawili wa kuniunga mkono. Mkutano wa bondeni ni Jumatano jioni.

Fundi Kenchi: Nimechelewa. Popote atakapojenga huyo mzee, mwambie upepo hausukumi paa tu, hulinyanyua. Paa lenye miteremko minne linavumilia kuliko lenye miteremko miwili. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zifungwe kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya ukuta, kwa bendi za chuma, na paa la kibaraza cha nyumba lijitegemee, likichukuliwa lisiondoke na nyumba. Misumari iwe ya karibukaribu ukingoni na kwenye mgongo wa paa, ndiko bati huanza kufunuka. Na ile anayonyoosha kwa jiwe asiitumie huko juu, haishiki tena. Mnunulieni mipya.