Kuahirisha kusoma mpaka mtihani unafika: wewe ulichomokaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza, juzi kanipigia analia, testi wiki ijayo na hajagusa hata desa moja, yaani notsi za somo, na huyu dogo si mvivu kabisa, form six alikuwa anakesha. Ninachokiona kwake ndo kilekile kilichonikuta mimi kwenye risechi ya mwaka wa tatu. Topiki imepita, sapavaiza anasema lete chapta one, basi kila nikifungua laptopu nakumbuka nguo hazijafuliwa, nafua, nadeki, napika maharage, jioni hiyo. Sasa mtu mvivu anafua? Mimi nilikuwa naiogopa ile chapta, sijui sentensi ya kwanza inaanzaje. Kilichonitoa ni kuiandika kwanza kwa Kiswahili, hovyohovyo, kama namweleza mama nyumbani nachunguza nini na kwa nini, halafu ndo nikahamishia Kiingereza. Ikatoka. Kwa hiyo naomba mniambie nyie mlifanya nini hasa, maana "jitume" dogo kashaambiwa mpaka kachoka.

Mdau wa Moro:
Kimbweta, mkuu, zile meza na viti vya zege vya kusomea nje pale chuo. Rumu hapasomeki, kitanda kinakuangalia. Sisi tulikuwa na grupu la diskasheni na kila mtu anapewa topiki yake awafundishe wenzake, na hiyo ndo dawa, maana UE, mtihani wa mwisho wa semesta, ni mwezi ujao haikutishi leo ila ukijua Alhamisi usiku unasimama mbele ya watu wanakuuliza maswali, utasoma tu hata kama hutaki. Grupu la watu wanne watano, wakizidi hapo inakuwa kijiwe.

Mdau wa Eldoret:
Kwangu ni simu. CAT, ile testi ya kati ya semesta, ni kesho na bado niko kwa video. Sasa nikianza kusoma inakaa kwa jirani, si kwa meza yangu, kwa jirani kabisa. Halafu natumia ile njia ya Pomodoro, ya Mtaliano Francesco Cirillo, aliianza akiwa mwanafunzi miaka ya 1980 na kitaima cha jikoni chenye umbo la nyanya, unasoma dakika 25 unapumzika 5. Kwa notsi iko sawa sana. Kwa hesabu mimi naona 25 ni chache, ndio swali linaanza kufunguka unaambiwa pumzika, so hapo naenda hadi nimalize swali. Lakini ile kuanza na muda mfupi ndio inasaidia, akili haikatai dakika 25.

Mama wa wawili:
Wadogo zangu mimi nasoma huku nipo kazini na watoto wawili. Usiku nilikuwa najiambia wakilala tu nashika kitabu, wakilala na mimi nimelala. Nikaacha kupigana na usiku, nikahamia saa kumi alfajiri, nyumba imetulia. Ila kitu kikubwa ni hiki, kabla sijalala naacha daftari wazi mezani na swali moja nimeshaliandika juu. Nikiamka hakuna kujiuliza leo nasoma nini, nakaa najibu lile swali, na likiisha nakuwa nimeshachangamka naendelea. Mwambie dogo ajaribu, na umwambie asijitukane, anayejiita mjinga kila siku ataogopa vitabu zaidi.

Mwanzisha uzi:
Dada asante sana, hilo la mwisho nimemtumia kama lilivyo. Nimeongea naye tena kwa utulivu, kumbe kinachomkwamisha ni takwimu peke yake, akishaifikiria hiyo hata masomo anayoyaweza anayaacha. Nimemshauri atafute wenzake wawili waanze na maswali ya testi za miaka ya nyuma, wasianze na desa lote. Waliopiga takwimu mwaka wa kwanza, mlianzia topiki gani mpaka ikaanza kueleweka?