Kasri la Hamilton, Uskoti: lilibomolewa kwa sababu ya makaa ya mawe tu?

Swali: Wakuu, kasri hili la Lanarkshire liliangushwa na migodi peke yake? Na mahali lilipokuwa panatambuliwaje leo?

Jibu la 1: Migodi ni nusu ya habari. Kuchimba chini yake kulididimiza ardhi, lakini fedha za ukoo wa Hamilton, wenye kasri, zilikuwa zimeshapungua: mnada wa 1882 uliuza michoro na fanicha kwa karibu pauni 400,000. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza likawa hospitali, na miaka ya 1920 likabomolewa.

Jibu la 2: Kuhusu mahali, fungua ramani za zamani za Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) za kipimo cha inchi 25 kwa maili, Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka bure mtandaoni. Ilaze ya miaka ya 1850 juu ya picha ya setilaiti, uzilinganishe kwa kutumia jengo la makaburi ya ukoo, ambalo bado limesimama. Usipime kwa kingo za mto Clyde: ulihamishwa ziwa la Strathclyde lilipotengenezwa miaka ya 1970, kwa hiyo kila kitu kitapinda.

Jibu la 3: Halafu picha za Chatelherault zisikuchanganye. Hiyo ni nyumba ya uwindaji ya ukoo huohuo aliyoisanifu William Adam, si kasri. Nayo sakafu zake zimeinama, kisa uchimbaji wa makaa ya mawe pia.