Kutunga muziki juu ya miluzi ya radi: nirekebishe rekodi au niiache ilivyo?

Mleta mada:
Ndugu zangu, ninatunga muziki wa selo mbili (ala kubwa za nyuzi zinazopigwa kwa upinde) utakaopigwa pamoja na rekodi za redio asilia, yaani mawimbi ya redio yanayozaliwa na radi na chembe zenye chaji zinazoizunguka Dunia. Miluzi niliyoinasa kwa antena ya waya inashuka kutoka juu hadi chini bila kutua kwenye noti yoyote. Nimeinyoosha kwa kompyuta ili ilingane na selo, nayo ikapoteza uhai wote. Nifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, nakusihi usiinyooshe, kwa sababu huko kushuka ndiko kunakosimulia safari yake. Radi inapopiga, mawimbi ya masafa mbalimbali (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde) huondoka kwa pamoja. Baadhi yake hupenya ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe zenye chaji, na kufuata mistari ya uga wa sumaku hadi upande wa pili wa Dunia, mwendo wa maelfu ya kilomita, na kwa kuwa njiani yale ya masafa ya juu hutangulia na ya chini huchelewa, mpasuko mmoja hufika ukiwa umevutika kuwa mluzi wa sekunde moja au zaidi. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen aliandika kuhusu miluzi hii mwaka 1919, baada ya kusikika katika vifaa vya kudukizia simu za adui katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1953 mwanafizikia Owen Storey akaeleza njia inayopita. Mimi ningemwambia mpigaji wa kwanza adonoe uzi mara moja kwa nguvu kama radi, anyamaze, kisha ateleze kidole taratibu pamoja na mluzi unapoingia.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono. Chuja tu mvumo wa nyaya za umeme, wa hezi 50 au 60 (mitetemo kwa sekunde) pamoja na vizidisho vyake kama mara mbili au mara tatu, maana huo si wa asili. Wasikilizaji nao waelezwe kwamba antena haikunasa sauti bali mawimbi ya redio, ambayo masafa yake yanaangukia yale ambayo sikio husikia, hivyo spika huyatoa bila kuyabadilisha kasi. Mwaka 2002 mtunzi Mmarekani Terry Riley aliwatungia Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi, kazi iitwayo Sun Rings, akitumia rekodi za mawimbi ya plazima (gesi yenye chembe zenye chaji) zilizokusanywa na Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa kutoka vyombo vya angani.

Mleta mada:
Nawashukuru sana. Nimeirudisha rekodi ya awali, na kumbe alfajiri ileile ilikuwa na milio mifupi inayopanda, mingi kama ndege waamkao pamoja. Ninavyofahamu, hiyo hutokana na elektroni zilizonaswa katika uga wa sumaku. Selo ya pili nitaipa milio hiyo inayopanda, na ya kwanza ibaki na miluzi inayoshuka.