Mpwa wangu ameokota mawe meusi pangoni Menengai. Ni visu vya kale ama ni mawe tu?

MjombaKiamunyi
Wadau, habari za jioni. Jumapili nilishuka kreta ya Menengai, hapa Nakuru, na mpwa wangu wa miaka 13. Katikati ya lava tukakuta shimo. Unaingia umeinama, kisha ndani panapanuka kama matatu ya abiria 14. Nyuma linaendelea, lakini simu ilikuwa imebaki na asilimia 6 ya chaji, na ujasiri wangu pia. Mlangoni kulikuwa na mishumaa iliyoyeyuka. Kijana ameokota vipande vitano vyeusi vinavyong'aa kama chupa na anaapa ni visu vya watu wa kale. Shosho yake anataka virudi vilikotoka leo leo. Nani alichimba hilo pango? Na tukirudi, tuingie hadi mwisho?

NjoroMoja
Hakuna aliyechimba. Lava ikitiririka, ngozi ya juu hupoa na kuganda huku ndani bado inakimbia. Ikishapita yote, bomba linabaki tupu. Msiende mbali: Menengai bado inatoa mvuke, na hewa ya kaboni ni nzito, inatulia mabondeni na mashimoni. Haina harufu.

MchungajiWaEndebess
Mjomba, mimi nimekulia chini ya mlima Elgon, mapango ndiyo yalikuwa mwavuli wetu mvua ikitukuta na ng'ombe. Ya kwetu si mabomba ya lava. Pango la Kitum linaingia mlimani kama mita 200, na ndovu huingia usiku gizani kuchokora chumvi ukutani kwa pembe. Alama zao utazishika kwa mkono. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, alipofika 1883 hakuamini, akadhani mapango hayo yalichongwa na watu wa zamani.

Sasa, popo. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliotembelea Kitum waliugua Marburg, homa kali ya virusi, wakafa. Ukisikia popo wengi ama ukaona kinyesi chao kimejaa chini, geuza. Usimwingize mtoto wa dada yako mahali hivyo ati kwa sababu amekusihi.

Kuhusu mawe: hiyo ni obsidiani, kioo cha volkano, na ukanda wenu wote unayo. Kung'aa si ushahidi, wala ukali. Angalia ukingo. Jiwe lililochongwa na mtu mara nyingi lina vidonda vidogo vidogo vilivyopangana upande mmoja, na penye pigo pana uvimbe kama tumbo la kijiko. Lililovunjika lenyewe halina mpango.

Lakini kinachoniuma ni neno "ameokota". Pale Njoro, kwenye pango la mtoni, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimba 1938 wakapata mifupa ya maiti zilizochomwa, shanga na bakuli za mawe, mambo ya miaka kama 3,000 iliyopita. Yangekuwa yameokotwa kimoja kimoja na vijana wa Jumapili, leo tungekuwa na bakuli bila hadithi. Udongo wa pangoni hulala tabaka juu ya tabaka. Ukikitoa kitu, umeng'oa ukurasa. Na sheria ya makumbusho ya 2006 inakutaka uripoti.

NyarSeme
Na hiyo mishumaa ina wenyewe! Huku kwetu Kit Mikayi, yale majabali ya Seme, Kisumu, watu hufunga na kuomba katikati ya yale mawe, na mgeni anayeingia akipiga selfi bila hata "amosi", yaani salamu ya Kijaluo, hutazamwa vibaya. Ukikuta mtu anaomba, ngoja nje.

MjombaKiamunyi
Asanteni. Nimeangalia kwa tochi: vinne ni vigae tu. Cha tano kina uvimbe, na vidonda saba upande mmoja, kijana amevihesabu mara tatu. Tumechora ramani ya pale kilipokuwa, kadiri anavyokumbuka. Jumanne nampeleka makumbusho ya Hyrax Hill, hapa Nakuru, wakakione. Shosho amekubali, ila kilale nje, juu ya tangi la maji.