Baiskeli isiyo na breki za mkono: nijiandaeje kabla ya safari ya Amsterdam?

Mkazi wa Mwenge
Habari zenu wanajamvi. Mwezi ujao ninasafiri kikazi kwenda Amsterdam, na mwenyeji wangu ameniandalia baiskeli ya Kiholanzi isiyo na breki yoyote kwenye usukani. Ukitaka kusimama, unakanyaga pedali kinyumenyume. Hapa Dar es Salaam ninaendesha kila siku hadi Posta kwa breki za mkono, na kwenye foleni huwa ninarudisha pedali nyuma bila hata kufikiri. Naomba ushauri wa aliyewahi kuitumia.

Kigamboni Ng'ambo
Ndugu yangu, niliitumia nilipokuwa masomoni Uholanzi, na ninaipenda hadi leo. Jambo kubwa ni kujua pedali zako ziko wapi kabla hujahitaji kusimama. Zikiwa zimelala, moja mbele na nyingine nyuma, uzito wa mguu wa nyuma unatosha kukaza breki; zikiwa moja juu na nyingine chini, utasukuma na baiskeli itaendelea kwenda. Ukikaribia makutano, acha kukanyaga zikiwa zimelala, mguu wa kushoto ukiwa nyuma. Ukisimama hivyo, pedali ya kulia hubaki mbele, imeinuka kidogo, tayari kwa kuondokea, na hilo litakufaa sana kwa kuwa ukishasimama huwezi tena kuirudisha nyuma; itakubidi uinue gurudumu la nyuma ndipo uizungushe kwenda mbele. Mvua ikinyesha, kanyaga taratibu, maana gurudumu linaloshikwa ni la nyuma peke yake na huteleza upesi.

Fundi Ilala
Mimi ni fundi baiskeli. Breki hiyo ni ya siku nyingi: breki ya aina hiyo iitwayo Torpedo, ya Ernst Sachs wa Schweinfurt nchini Ujerumani, ilitoka mwaka 1903. Ina sifa ya kudumu, kwa sababu vyuma vyake vimefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, mbali na maji na vumbi. Hata hivyo inategemea cheni, na cheni ikichomoka huna breki kabisa. Kagua isilegee, kisha uhakikishe kwamba mkono mdogo wa chuma unaoshika kitovu kwenye fremu, upande wa kushoto, umekazwa nati.

Mama Upanga
Mwanangu, kumbuka pia kwamba huko watu hupita kulia, na reli za tramu huvukwa kwa kuzikata, kwani ukizifuata tairi huzama kwenye mfereji wake. Mwombe mwenyeji wako baiskeli yenye breki ya mkono ya mbele pamoja na hiyo ya miguu, zipo.

Mkazi wa Mwenge
Shikamoo mama, na asanteni nyote, nitamwandikia leo. Fundi, je, ninaweza kujizoeza kwa baiskeli niliyo nayo?

Fundi Ilala
Breki yenyewe hapana, kwa kuwa pedali zako zikirudi nyuma huzunguka bure. Lakini unaweza kuanza kesho kuacha kukanyaga pedali zikiwa zimelala kila unapokaribia kusimama, na kuacha kabisa kuzirudisha nyuma kwenye foleni.