Wauza kamba wa Dodoma mtatuua na hii "kamba ni kamba tu" yenu

Wakuu habari za majukumu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira na duka moja la hadweya hapa mjini upande wa Majengo, jina nalificha ila mwenyewe akisoma atajijua.

Kwa msiojua, ndiyo, Dodoma kuna watu tunaendesha boti za tanga, msicheke. Ofisi zimehamia huku na sisi tuliozoea bahari ya Dar tumehamia nazo, na bwawa la Mtera si lipo, maji tele na mchana upepo unapiga wa maana. Tuna Laser za mtumba, kile kidau cha mtu mmoja cha mita 4 na ushee, mwili wake haufiki hata kilo 60, wikiendi tunakimbizana. Sasa kidau chepesi vile kila kitu unakiendesha kwa kamba: demani ya kuvuta na kuachia tanga, vengi ya kuizuia boriti ya chini isinyanyuke, kuna ya kulinyoosha tanga kwa chini na nyingine ya kulikaza pale mbele kwenye mlingoti. Kamba ikirefuka kidogo tu tanga linabadilika umbo na wenzako wanakupita unawaona hivi hivi.

Nikaenda dukani nikamwambia yule kijana vizuri kabisa, nataka poliesta ya kusuka, isiyovutika, milimita 7 ya demani na 5 ya vengi. Swali lake la kwanza: "Kaka ni ya ng'ombe au ya mzigo?" Ya boti. Akazama stoo akarudi na roli la bluu, akalipiga kofi, "hii ndo poliesta yenyewe kaka, ya meli, hii inavuta Fuso." 7 na 5 hana, ana 8 na 6, "nene ndo nzuri, haikatiki". Mita moja elfu mbili mia tano. Risiti imeandikwa KAMBA, basi, hakuna kingine.

Tukaingia majini, kufika saa nane upepo ukapanda. Vengi nimeikaza mpaka boriti imetulia, nikaibana, mzunguko mmoja wa maboya haujaisha boriti inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Nakaza, inalegea, nakaza tena, inalegea. Na haikuwa imeteleza kwenye kibanio (kile kidude chenye meno kinachoishika kamba) jamani, nilikuwa nimeitia alama ya maka peni, alama iko palepale, ni kamba yenyewe inarefuka! Demani ndo usiseme, imelowa imevimba imekuwa nzito, upepo wa ghafla umekuja naachia ili tanga lifunguke, demani imegoma ndani ya roda, kile kigurudumu kinachopitishia kamba, kidau kikalala ubavu. Mtera wakuu. Kule kuna mamba na viboko, sio swimming pool ya hoteli.

Nyumbani nikatundika kipande cha ile ya 6 kwenye mti, nikapima mita moja kwa futikamba, nikaning'iniza dumu la lita 20 limejaa maji. Ikashuka kama vidole viwili. Nikachukua demani yangu ya zamani ambayo ni poliesta ya kweli, dumu lilelile, hiyo hata kuona kwamba imeshuka unatakiwa uiname. Na ile ya bluu kwenye ndoo inazama kwa hiyo sio hii plastiki ya kawaida, hiyo ingeelea. Ni nailoni. Nailoni ni kamba nzuri sana ya nanga na ya kukokotea gari, maana kuvutika kwake ndo kunameza mshtuko, sasa mimi sikutaka nanga, nilitaka kitu kikikazwa kibaki kimekazwa.

Nikarudi dukani. Mwenye duka mzee wa heshima zake kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kaniuliza: "Mwanangu, imekatika?" Haijakatika mzee. "Sasa tatizo liko wapi?"

Aisee.

Tatizo liko hapo hapo! Mnauza kamba kwa kuangalia kukatika tu wakati kwenye boti kama hii hamna kamba inayokaribia kukatika. Vengi yenye roda zinazozidisha nguvu mara nane, mkono ukivuta kilo 20 kule kwenye boriti inafika karibu 160 ukitoa msuguano. Kwa hiyo kile kipande unachokishika kinabeba kilo 20 tu, kamba ya milimita 4 inatosha na chenji inabaki, unachohitaji pale ni ishikike mkononi na iume vizuri kwenye kibanio. Kile kipande cha mwisho kilichofungwa kwenye boriti ndo kinabeba mzigo wote, hapo unaweka Dyneema nyembamba, kamba ya nyuzi za plastiki ngumu sana, maana hiyo hata ukiivuta mpaka ikatike inarefuka kama asilimia 3 au 4, wakati nailoni inaweza kupita 20. Unene usio na kazi ni hasara, kamba nene inajaa kwenye roda inaongeza msuguano, na vibanio vyenyewe vimetengenezwa kwa saizi yake, ukilazimisha ya 8 kwenye kibanio cha 6 haikai chini kwenye meno, inashikwa juu juu, ukiigusa na goti imetoka.

Na nyie mnaouza Dyneema mtandaoni kutoka Dar msijifiche. Mnamshauri mtu afunge Dyneema tupu kila mahali kisa ina nguvu kuliko chuma. Ile inateleza, fundo la kawaida linajifungua lenyewe, kibanio hakiishiki mpaka iwe na gamba la poliesta juu, na joto haliwezi, kwenye 150 hivi inayeyuka. Kama demani ndo kabisa, nyembamba vile inakukata viganja kabla hujafika boya la kwanza. Mteja akiuliza haya mnamwambia "mkuu hii ni ya Ulaya".

Ile plastiki inayoelea nayo ina watu wake, wavuvi wa Mtera wanafungia maboya ya nyavu na iko sawa kabisa. Ila iache kwenye jua la Dodoma kiangazi kizima uje uishike, vinyuzi vinabaki kwenye kiganja vinawasha kutwa.

APDETI: Naona majibu. Mkuu uliyeshauri nitumie kamba ya katani, tunaheshimu mashamba ya Tanga na Morogoro lakini katani ikilowa inakakamaa na inaoza, na kwenye roda ndogo haipiti. Wewe wa "funga mpira wa tairi" nimekuelewa, nenda kafunge kreti za bia. Na aliyesema watu wa boti tuna hela za kuchezea, nimemwambia mke wangu kaicheka sana hiyo.

Ninachotaka ni hiki. Anayejua duka lolote, Dar au Zanzibar, linalouza poliesta ya kusuka yenye kiini na gamba, mita 14 za milimita 7 na mita 10 za milimita 5, atume kwa basi mpaka stendi ya Nanenane, nauli juu yangu, ila hela anapata nikishaitundikia dumu. Na wewe mzee wa Majengo nirudishie changu, kamba yako iko kwenye buti ya gari nzima yote, imepungua kale kapande nilikokata tu.